Hilux imekaa sawa na mzigo inabeba: gereji ya springi Unga Limited, Arusha

Kama una pikapu unataka pua yake iinuke ilingane na nyuma, halafu gari hilohilo ndo linakuletea hela kwa kubeba mzigo, hii gereji nawapa nyota tano kwenye kazi na tatu kwenye muda, na ntaeleza kwa kirefu maana hii kazi watu wengi wanaifanya kwa macho tu, mzigo wanaukumbuka baadae.

Gari ni Hilux Vigo dabokebini ya dizeli. Inashuka Mang'ola kufuata vitunguu, inapanda navyo Karatu mpaka Arusha mjini. Wanaoijua ile njia wanajua, vumbi, mawe na ile mikunjo ya barabara inayotikisa kila nati, halafu ukishika lami ya Karatu unadhani umepona kumbe bado kuna ule mteremko wa kushuka Mto wa Mbu na mzigo wote uko mgongoni.

Hilux inatoka kiwandani nyuma ikiwa juu kuliko mbele na Toyota wamekusudia iwe hivyo. Ikiwa tupu inaonekana imeinama kama inanusa barabara, ila ukipakia, springi pleti za nyuma (zile za vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine) zinashuka na gari linalingana. Sasa vijana wengi mjini wanachofanya wanaweka spesa, yaani kipande cha kuinulia, juu ya shokapu za mbele, nyuma hawagusi kitu, gari likiwa tupu linapendeza kweli sikatai, limekaa kibabe. Pakia sasa. Nyuma inakaa chini, pua inaangalia mawingu, staringi inakuwa nyepesi kwa sababu uzito umetoka kwenye tairi za mbele umekwenda nyuma, na taa zinawapiga machoni wanaokuja. Usiku pale Makuyuni na yale malori hiyo ni hatari ya kujitakia.

Ndo maana hawa jamaa niliwapenda tangu mwanzo. Nimefika nimesema nataka kuinua mbele, fundi mkubwa hajaniambia bei, kaniuliza "Bosi, unabeba nini, na kilo ngapi?" Nikamwambia vitunguu, magunia saba au nane. Akauliza tena, "Lumbesa au gunia la kawaida?" Na hilo swali lina maana kubwa sana jamani, maana gunia la lumbesa, lile la kujazwa kupita mdomo, mtu anahesabu kilo mia wakati limeshapita huko zamani, na hii Hilux ni gari la daraja la tani moja, ukijumlisha na watu ndani ya kebini unafika haraka mno. Akanieleza wazi kabisa kwamba springi ngumu inazuia gari lisilale, lakini haiongezi kilo za kubeba, chesisi ni ileile, ekseli ni ileile, breki ni zilezile.

Halafu akachukua tepu, akapima kuanzia katikati ya habu ya tairi kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, akaandika kwenye kipande cha gundi ya karatasi akakibandika kwenye kioo cha mbele. Kupima hivyo ni sahihi kuliko kupima kutoka chini, maana upepo wa tairi hauingilii vipimo. Nyuma ilikuwa juu kama sentimita nne na nusu. Tukakubaliana mbele ipande karibu sentimita nne, nyuma ipande kidogo sana ila iwe ngumu, ili tupu ibaki imeinuka nyuma kwa mbali na ikipakiwa ilale sawa.

Mbele sikutaka spesa. Spesa ni rahisi kwa bei na kwa kufunga, lakini springi inabaki ileile iliyochoka, na kwa sababu shokapu kwenye Hilux imekaa katikati ya amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika tairi), ukiweka spesa ya milimita 25, ukipima kwenye fenda gari limepanda zaidi ya hapo, wengi hawajui wanaweka nene wanashangaa gari limekwenda juu kupita walivyotaka, tairi ikining'inia boljointi na ekseli za mbele zinavutwa pembe mbaya. Nikachukua koili (springi za kuzunguka za mbele) na shokapu za Old Man Emu, zile za Australia za kampuni ya ARB, maana zinauzwa kwa kufuata uzito, kuna koili ya gari lisilo na kitu mbele na kuna ya gari lenye ngao ya chuma (bampa nzito ya mbele) na winchi. Mimi sina ngao, nikachukua nyepesi. Ukifunga ya ngao kwenye gari lisilo na ngao litapanda juu sana na litakuwa gumu kama mkokoteni, kwahiyo usikubali uuziwe tu kwa sababu ndo iliyopo dukani.

Nyuma wakafungua fungu zima la springi pleti, wakatoa pleti iliyokuwa imelala, wakaongeza moja ndefu, bolti mpya ya katikati na yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Yubolti za zamani hawazirudishi kabisa, zikishakazwa mara moja nyuzi zinavutika. Hapo pia niliwauliza kuhusu mifuko ya upepo, ile inayokaa kati ya chesisi na ekseli unaijaza ukiwa na mzigo unaitoa ukiwa tupu. Kwa mtu wa lami mwenye mzigo wa leo upo kesho haupo ni kitu kizuri. Kwa njia yangu hapana, uzito wote unakwenda sehemu moja ya chesisi badala ya kugawanyika mbele na nyuma ya springi, na dabokebini bodi lake linatokeza nyuma ya ekseli, ukizidisha na mashimo chesisi inaweza kupinda. Bloku, vile vipande vinavyowekwa kati ya springi na ekseli, ndo kabisa sitaki kuzisikia kwenye gari la mzigo, zinainua tu, nguvu haziongezi hata kidogo.

Kuna vitu viwili nilivyoona kwa macho yangu vikanifanya niwaamini. Cha kwanza, bolti za bushi (raba za kwenye ncha) za springi walizifunga kwa mkono tu gari likiwa juu ya jeki, wakalishusha chini, vijana wawili wakapanda kwenye bodi wakaruka ruka mpaka gari likatulia, ndo fundi akaingia chini kukaza kwa spana. Ukikaza gari likiwa linaning'inia, likishuka raba ya bushi inabaki imejisokota muda wote na haikai muda inachanika, ndo zile kelele za kwikwi watu wanazunguka nazo mjini. Cha pili ni ile valvu ya breki inayounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kifimbo. Ile kazi yake ni kusoma uzito, nyuma ikiinuka inajua gari ni tupu inapunguza breki za nyuma. Sasa ukiinua springi bila kuirekebisha, gari limejaa vitunguu lenyewe linadhani ni tupu, na unashuka Mto wa Mbu tairi za mbele zinafanya kazi peke yake. Jamaa wakairekebisha wenyewe bila mimi kuwakumbusha.

Matokeo ni mazuri. Tupu gari limesimama vizuri, likiwa limejaa limenyooka, halipigi chini kwenye mashimo na kwenye lami halitangitangi. Ila likiwa tupu nyuma ni gumu, mama watoto analalamika, na atakayeongeza pleti asitegemee ulaini.

Sasa malalamiko. Muda, waliahidi siku moja ikawa tatu, kisa walikuwa wanasubiri yubolti za saizi hiyo, na simu hawapigi, unafika unakuta gari liko juu ya mawe. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa tairi, hawana mashine, unakwenda kwingine, na usiahirishe hata kidogo maana ukiinua mbele kasta (mlalo wa mhimili ambao tairi inakatia kona) inapungua na toe (tairi kuelekea ndani au nje) inabadilika, tairi mpya inaliwa upande mmoja ndani ya muda mfupi. Taa pia hawakuzishusha mpaka nilipodai. Risiti ni ya kuomba mara mbili.

Bei siandiki maana vya nje vinafuata dola na vinabadilika kila mara, ila kazi ya mikono yao ni ya kawaida kabisa, kilichonila hela ni koili na shokapu. Wenye Hilux za zamani za mwisho wa miaka ya 90 zenye tosheni ba mbele (fimbo ya chuma inayojisokota kama springi) mna nafuu, hamhitaji koili, kuna bolti ya kuzungusha, japo nayo ukiizidisha mbele inakuwa ngumu kama mawe.

Gereji haina kibao, ukifika Unga Limited uliza wanapofua springi za malori. Nenda asubuhi na gari tupu, tanki la mafuta likiwa nusu, na urudi ukishatembea kama kilomita 500 wakaze yubolti upya, hiyo hawatozi.