Mzee wa ofisi ya maveterani aliyeniuliza soksi nazivua saa ngapi

Nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya simu, nitaeleza huko mbele.

Hii ni rivyu ya huduma ya bure ya kusaidiwa madai ya fidia ya ulemavu kule VA, yaani idara ya maveterani ya Marekani. Ofisi siitaji na mzee mwenyewe simtaji, hapendi mambo hayo. Ila aina hii ya watu wapo karibu kila jimbo, ni wawakilishi wa vyama vya maveterani waliosajiliwa rasmi na VA, na hawakutozi hata senti. Mimi nilichelewa kuwajua, nikaanzia kwa wale wa kulipia, ndo maana naandika.

Kwanza nijieleze kidogo. Niliingia jeshini 2009 kupitia MAVNI, ule mpango uliokuwa unachukua wageni wanaojua lugha fulani, Kiswahili kikiwemo. Wakanichukua kwa Kiswahili changu halafu wakanipa lori niendeshe miaka sita, Kiswahili nikawa naongea na injini. 2012 nikafanyiwa opereshini ya goti la kushoto, wiki mbili baadae mguu ukavimba ukawa wa moto, ultrasaundi ikaonyesha donge la damu kwenye veini ya ndani. Nikala warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miezi sita, wakasema umepona, rudi kazini. Donge liliondoka kweli ila vali za veini ndo zilikuwa zimeshaharibika. Zile vali kazi yake ni kuzuia damu isirudi chini ikishapanda, zikilegea damu inatuama miguuni, unavimba, ngozi ya juu ya kifundo inaanza kuwa kahawia kama imepakwa chai. Na huo sio ugonjwa wa kuonekana kwenye picha ya gazeti, hakuna aliyekatwa kitu, kwa hiyo mwenyewe unajiona huna haki ya kulalamika.

Nilitoka 2015. Nikavumilia hadi 2022.

Hapo ndo nikaona tangazo la kampuni moja ya ushauri, sijui tunakupandishia asilimia ya ulemavu, sijui tuna madaktari wetu. Mkataba wao ulisema wakishinda nawalipa mara tano ya ongezeko la malipo yangu ya mwezi. Nikaona dili, maana nisiposhinda silipi. Kazi waliyofanya ni kunitumia fomu niijaze mwenyewe, na daktari wa kwenye video aliyeongea na mimi kama dakika kumi hivi, kamera yake imegeukia dari, mguu wangu hakuutazama hata mara moja. Nikatuma. Majibu yalikuja 2023: mguu wa kushoto 10 kwa 100, wa kulia umekataliwa. Asilimia 10 mwaka huo ilikuwa dola 165.92 kwa mwezi. Ankara yao ikafika kabla hata hela ya kwanza haijaingia benki, dola 829.60. Nikaanza kulipa kidogo kidogo kama mjinga.

Jamaa niliyekuwa naye kikosi kimoja ndo akaniambia nenda kamwone yule mzee, lakini wahi asubuhi.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya jengo la kaunti, viti sita vya plastiki, mashine ya faksi inayolia kama mbuzi (ndiyo, faksi, bado wanatumia). Inafunguliwa Jumanne na Alhamisi tu. Nilikaa foleni masaa matatu na nusu. Nimeingia, mzee hata karatasi zangu hajazigusa, ananiuliza, "Sajenti, soksi zako za kubana unazivua saa ngapi?"

Nikamwambia usiku nikilala.

"Na siku ya kupimwa na daktari wa VA ulizivaa?"

Nilizivaa. Aisee nilizivaa, tena nilikuwa nimelala miguu juu ya mito mitatu kama ninavyofanya kila siku, nikaamka, nikavaa soksi, nikaendesha gari nikafika saa 2 asubuhi. Mguu ulikuwa umenywea vizuri kabisa, unapendeza. Halafu nilikuwa nimevaa jinzi ya kubana, nikashindwa kuikunja kupita goti, daktari (wa mkataba, sio wa VA mwenyewe) akaangalia alichoweza kuona akaandika zake.

Mzee akafungua ripoti ile kwenye kompyuta, akanigeuzia skrini, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Ulikuwa umeandikwa kwamba mhusika anasema anaendelea vizuri.

Jamani. Nilikumbuka pale pale. Daktari aliingia akasema habari za leo, unajisikiaje, nikajibu nzuri, namshukuru Mungu. Sasa sisi tumelelewa hivyo, mtu anaulizwa hujambo akiwa amelazwa na dripu mkononi anajibu sijambo! Ndo adabu. Kumbe mwenzangu anajaza fomu. Nikajaribu kumweleza mzee, akacheka hadi akakohoa, akasema wakulima wa kwao nao wako hivyo hivyo, mtu amekatika vidole viwili anasema imekwaruza tu.

Kisha akanionyesha kitu ambacho wale wa kampuni hawakuwahi hata kukigusia, na kwangu hapa peke yake ni nyota tatu. VA wana jedwali la kupima magonjwa ya veini, na maneno yake ni ya kawaida tu, mtu yeyote anaelewa. Kama uvimbe unakuja na kuondoka, au mguu unauma na kuchoka ukisimama sana, na unapata nafuu ukiinua miguu au ukivaa soksi, hiyo ni 10. Uvimbe ukiwa hauishi na kuinua mguu hakuumalizi, ni 20. Uvimbe usioisha pamoja na ngozi kubadilika rangi au kuwa na ukurutu, 40. Ukiongezea kidonda kisichopona ni 60, na 100 ni ya mguu uliokakamaa kama ubao, unauma hata ukiwa umepumzika. Mimi nilienda na mguu uliopumzishwa usiku kucha na kubanwa asubuhi, nikasema niko poa, nikapewa 10. Yule daktari wala hakunionea, aliandika alichokiona na alichosikia!

Kingine sikukijua kabisa: kila mguu unapimwa peke yake. Mimi niliandika "miguu" kwa ujumla, mguu wa kulia ukakataliwa kwa kuwa hakukuwa na karatasi inayouunganisha na jeshi. Mzee akasema haiwezekani miaka sita ya lori usiwahi kulalamika. Akaomba faili langu lote la matibabu ya jeshi, likachukua miezi, na siku lilipokuja tukakaa naye tunapekua ukurasa kwa ukurasa hadi tukaikuta, 2013, zahanati ya kambini, mwandiko wa kuku, mistari miwili: miguu yote miwili inauma, veini zimetokeza, apewe soksi. Mimi mwenyewe nilishasahau. Mzee akaipiga meza kofi.

Baada ya hapo kazi ikawa kama ya shule. Akanipa daftari, kila jioni saa 1 navua soksi, nabonyeza dole gumba juu ya mfupa wa ugoko nahesabu hadi tano, natoa, napiga picha lile shimo na saa ya ukutani ionekane. Shimo lilikuwa linakaa! Unaweza kumwagia maji likashika. Mke wangu akaandika maelezo yake kwenye fomu ya mashahidi, 21-10210, kwamba sisimami kanisani wimbo ukizidi beti tatu, na jamaa wa kikosi naye akaandika alichokiona kambini 2012. Halafu daktari wangu wa mishipa, anayenitibu kweli sio wa video, mzee akampelekea kumbukumbu za jeshi azisome kwanza ndo aandike barua. Barua lazima iseme kuna uwezekano wa angalau nusu kwa nusu kwamba ugonjwa umetokana na utumishi, na ieleze kwa nini. Ukisema "huenda" tu haitoshi, na wala hawataki uhakika wa asilimia mia. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, sheria inasema veterani ndiye apewe.

Tukatuma madai ya nyongeza, fomu 20-0995, kabla mwaka haujaisha tangu barua ile ya 2023. Huo mwaka una maana, ukiuwahi na ukashinda unalipwa kuanzia tarehe ya madai ya mwanzo, ukichelewa unaanza upya kama mgeni.

Na sasa ile nusu nyota. Simu hapokei. Hapokei kabisa. Unaacha ujumbe, kisanduku kimejaa. Mwaka ulipokaribia kutimia sikujua kama amezituma zile fomu au bado, nikalala usingizi wa paka, Alhamisi nikaenda nikamkuta ndo kwanza anaingiza kurasa kwenye faksi moja moja, akasema "tulia sajenti, zina siku kumi na moja bado." Kwake siku kumi na moja ni mwezi mzima, mimi presha juu. Anahudumia watu wengi peke yake, naelewa, lakini mtu mwenye roho nyepesi atapata shida. Ushauri wangu, tarehe zako weka mwenyewe kwenye simu, usimwachie.

Halafu ana ukali fulani. Nilitaka niongeze ugonjwa wa presha kwenye madai, nilisikia kwamba sheria ya PACT ya 2022, ile ya maveterani waliokumbana na sumu jeshini, imeuingiza. Akaniambia hiyo ni ya waliokumbana na Agent Orange, ile sumu ya kuua majani, wa Vietnam na wenzao, wewe ulikuwa bado hujazaliwa, usinijazie faili. Basi. Hakunibembeleza. Wale wa kampuni wangeniongezea presha, mgongo, na usingizi juu.

Kipimo cha pili niliomba kiwe mchana. Nilienda nimetoka kazini, nimesimama tangu asubuhi, soksi nimezivua kwenye gari, bukta. Sijaigiza chochote, huo ndo mguu wangu wa saa 10 jioni, mke wangu anaujua, daktari ndo alikuwa hajawahi kuuona. Akaniuliza unajisikiaje leo. Neno "nzuri" lilifika kwenye meno nikalimeza. Nikasema leo unauma kuanzia hapa mpaka hapa, na umevimba tangu saa 4 asubuhi.

Majibu yakaja mwanzoni mwa 2025. Kushoto 40, kulia 20. Hesabu ya VA sio ile ya darasani: 40 inatoka kwanza, inabaki 60, ile 20 inakatwa kwenye hiyo 60 unapata 12, jumla 52. Ila kwa kuwa ni miguu miwili wanakuongezea moja ya kumi ya hiyo 52, inakuwa 57.2, inapandishwa hadi 60. Bila ile nyongeza ya miguu miwili ningeshushwa hadi 50. Kwa viwango vya 2025, asiye na tegemezi alikuwa analipwa dola 1,395.93 kwenye 60, na 1,102.04 kwenye 50, yaani ile nyongeza ya miguu miwili peke yake ilikuwa na thamani ya karibu dola 294 kila mwezi, na haikatwi kodi. Mimi nina mke na mtoto kwa hiyo inazidi kidogo. Na kwa kuwa nimevuka 50, dawa ya kuzuia damu kuganda naichukua VA bila kuchangia.

Wale wa kampuni walinipigia tena baada ya hapo, sijui walijuaje, wakitaka mara tano ya ongezeko jipya. Mzee alishanieleza kwamba kwa madai ya mwanzo sheria hairuhusu mtu yeyote kukutoza, hata wakili, wakili anaanza kulipwa baada ya uamuzi kutoka na ukamwajiri aupinge. Nikawauliza tu, mmesajiliwa na VA? Ofisi ya wanasheria wa VA ina orodha mtandaoni, unaandika jina unaona. Kimya. Dola mia nne na kitu nilizokuwa nimeshawapa sijarudishiwa hadi leo.

Nilimpelekea mzee kahawa siku ya kumshukuru, akaikataa, akasema ninywe mwenyewe nikiwa foleni maana kuna fomu ya kusaini bado, na foleni siku hiyo ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Kwa hiyo ukienda, fika kabla ya saa 2, beba barua zote za VA hata zile hujazifungua, na vaa suruali inayokunjika.