Apu ya majina ya watoto: nyota mbili, tena za huruma

Mnaotarajia mtoto msikimbilie kulipia hii kitu. Inafunguka haraka, haili bando, na majina ya Kiislamu kwa kweli wameyapanga poa, maana zipo na yote. Shida ni upande wa Uganda, wamemwaga kila kitu kwenye kapu moja eti "ya Kiganda", yaani ya kabila la Baganda. Nimemkuta Okello humo, wakati hilo ni la Waacholi na Walango huko kaskazini, la mtoto anayefuata mapacha! Halafu Kato, jina la pacha wa kiume anayezaliwa wa pili, wanakupendekezea kama jina la kawaida tu, sasa mtoto kazaliwa peke yake unamwita Kato, watu si watauliza Wasswa, yule pacha wa kwanza, yuko wapi? Mambo ya ukoo ndo hamna kabisa, na kwa Baganda jina linatoka ukoo wa baba, huokoti tu. Mke wangu ni wa kabila la Watooro, magharibi mwa Uganda, akatafuta empaako, yale majina yao ya heshima na mapenzi kama Amooti, Abwooli, Akiiki, wapi, hata moja, na yenyewe yako 12 tu jamani, yangewashinda nini kuyaandika. Ukibonyeza "uliza mtaalamu" inadai hela ya simu kwanza. Tumempigia shangazi yake huko kwao Fort Portal, katujibu bure.