Nilichomwa Botox na Fila: Miezi Minne Baadaye, Nawapa Majibu Nikiwa Mbeya

Haya, sogeeni. Sijapaka kitu, hata poda. Nimekaa dirishani kwa makusudi: huu mwanga wa saa nne asubuhi unaingia kwa ubavu, na mwanga wa ubavu haumfichii mtu siri. Sasa nakunja ndita. Nakunja kwa nguvu zangu zote, kama nimeambiwa kodi ya fremu imepanda. Mnaona? Kamstari kamoja upande wa kushoto, basi. Mwezi wa pili ningefanya hivi mngeona mistari miwili imelala katikati ya nyusi kama reli ya TAZARA.

Kamwene watu wa Iringa, ndaga fijo watu wa Tukuyu mlionitumia maswali tangu nilipogusia hii habari. Niliahidi sitasema lolote mpaka miezi minne ipite, kwa sababu wanaotoa majibu siku ya tatu wanasifia uvimbe. Nilichomwa mwezi wa tatu, Dar es Salaam. Leo ni mwezi wa saba, niko Mbeya, na baridi mnaisikia kwenye sauti yangu. Vitu vilikuwa viwili: Botox, sindano ya kulegeza msuli, kwenye ndita, na fila, jeli ya kujaza, kwenye ile mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Cha kwanza nakipa nne na nusu kati ya tano. Cha pili kina stori yake.

Nina miaka 47, nauza vipodozi Kabwe, hapahapa Mbeya, kazi yangu ni kutazamwa usoni siku nzima. Wateja walikuwa wanaingia dukani wananiuliza, mama, leo nani kakuudhi? Hakuna aliyeniudhi. Nilikuwa nahesabu chenji. Ule uso wa kukunja ulikuwa umeshahamia kabisa, nikifurahi upo, nikisali upo. Sikutaka kuonekana binti wa miaka 25. Mwanangu wa kwanza ana 24, tungeitwa mapacha, aibu. Nilitaka tu uso uache kunisemea maneno ambayo sijayasema.

Sasa, kuna kipimo ambacho daktari alinifanyia, na wewe unaweza kukifanya nyumbani bure kabla hujauza hata debe moja la viazi. Shika kioo, kaa dirishani kama mimi hivi. Legeza uso kabisa, kama unataka kusinzia. Mstari unaopotea ukilegeza ni wa msuli, unakuja kwa sababu unakunja. Huo ndio wa Botox. Unaobaki hata umelegeza, hapo ngozi yenyewe imeshashika mkunjo, Botox itaupunguza lakini haitaufuta wote. Halafu kuna kitu ambacho si mstari kabisa, ni kivuli: shavu limekonda au limeshuka, chini yake pakawa giza. Fila inaingia hapo, kujaza. Na sisi wa ngozi nyeusi mara nyingi kivuli ndicho kinachotuwahi. Melanini inatukinga, vimikunjo vidogo vya jua vinachelewa, ila shavu linashuka kama la mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo mkiona video za wazungu wanachomwa paji zima mpaka pembeni mwa macho, msinakili ramani yao.

Botox ni nini? Ni sumu, nisiwazungushe. Inatengenezwa na bakteria anayeitwa Clostridium botulinum, yuleyule anayeweza kuua mtu kupitia chakula cha kopo kilichoharibika. Tofauti ni kiasi. Ikiwekwa kidogo sana, inazuia neva isipeleke amri kwenye msuli, msuli unapumzika, na ngozi iliyoulalia inatulia. Walioanza nayo ni madaktari wa macho: Marekani waliiidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe. Kule Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers akaona wagonjwa wake wa kope wananyooka ndita bila kuomba. Mume wake, Alastair, alikuwa daktari wa ngozi. Mengine mnaweza kuyakisia mezani kwao jioni ile. Mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha kwa ndita zenyewe.

Dozi iliyoandikwa kwenye karatasi ya Botox kwa ndita ni yuniti 20, zinagawanywa vituo vitano, nne nne. Mimi nilipewa 14. Daktari aliniambia neno moja nikalipenda: kuongeza naweza, kupunguza siwezi. Na hiyo, wapendwa, ndiyo siri yote ya uso usiojulikana kama umechomwa. Unaanza chini, unasubiri wiki mbili dawa ishike yote, unarudi, anakutazama ukicheka na ukikunja, anaongeza tone kama panahitaji. Ukiona mtu paji limekuwa kama sinia, huyo alipewa kila kitu siku moja. Uliza na jina la dawa pia, maana yuniti za Botox si sawa na za Dysport, dawa nyingine ya aina hiihii. Kwa ndita hizohizo Dysport inaandikwa 50. Mtu akikutangazia 50 kwa bei ya 20, muulize 50 za nini.

Kichupa kilitoka kwenye friji nikiangalia. Ndani unga hauonekani vizuri, ni kama ukungu umeganda kwenye kitako cha chupa. Akauchanganya na maji ya chumvi mbele yangu. Akaniambia nikunje, akaweka alama kwa penseli nyeupe, nikalegeza. Sindano nyembamba, inauma kama mbu wa Kyela. Ya tatu tu, karibu na kichwa cha nyusi ya kulia, ndiyo ilinitoa chozi. Dakika kumi hazikufika. Akanikataza kulala chali na kusugua uso kwa saa nne, nikakaa kitako kwenye kiti cha gesti, shingo imesimama kama mgeni rasmi, mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Siku mbili za kwanza kichwa kiliuma kidogo. Siku ya nne nikaanza kusikia uzito, kama mtu ameniwekea kidole katikati ya nyusi na hataki kukitoa. Kufika wiki ya pili ndita zimelala. Mume wangu hakugundua kitu, aliniuliza tu kama siku hizi nalala vizuri. Mwanangu wa mwisho, yuko kidato cha pili, ndiye aliyepata faida kubwa: nilikuwa namkata jicho kuhusu simu, anaendelea kuchezea simu. Akaniambia, mama, sijui sasa hivi umekasirika au la. Nimerudi kwenye kusema kwa mdomo, na mdomo unachosha kuliko ndita.

Gharama? Kwa ile Botox nililipa karibu sawa na kodi ya fremu yangu ya miezi miwili. Na ninyi mkipiga hesabu msisahau barabara. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, kwenda na kurudi, gesti, chakula, duka limefungwa. Mtu wa Mikocheni akiambiwa rudi baada ya wiki mbili tuangalie, anachukua bodaboda. Mimi nikiambiwa hivyo ni safari nyingine nzima. Mtu wa mbali anaharibikiwa kwa sababu hiyo, na mimi nusura iwe hivyo.

Kwa sababu siku ile nikiwa bado kwenye kiti cha daktari, dada wa mapokezi akaja na karatasi ya vifurushi. "Kwa kuwa umetoka mbali, si tumalize yote leo?" Kituo sikitaji, na nisimsingizie, hakunishika mkono. Nilikubali mwenyewe. Nilikuwa nimepiga hesabu ya nauli, nikaona nikirudi Mbeya na ndita peke yake nitakuwa nimeacha hela mezani. Mililita moja ya fila, nusu huku, nusu huku.

Fila niliyowekewa ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho kwenye ngozi na kwenye maungio. Inashika maji, inanyanyua. Inakaa miezi sita hadi mwaka, mwaka na nusu kwa baadhi, kisha mwili unaimaliza. Uzuri wake ni kwamba ikikosewa inayeyushwa kwa kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidesi. Ubaya wake mkubwa ni mmoja: ikiingia kwenye mshipa wa damu au ikaubana, damu haipiti. Ngozi inakufa. Usoni mishipa imeungana hadi kwenye jicho, na watu wamepoteza kuona. Ni nadra, lakini ikitokea ni mbio za saa, si za siku.

Kesho yake nikapanda basi la alfajiri. Tunakaribia Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu, upande wa kulia juu ya mdomo ukaanza kuuma, maumivu ya kuvuta. Nikatoa kioo. Kuna doa. Kwa mtu mweupe wangesema angalia kama pamekuwa peupe au pamechorwa kama wavu. Kwangu mimi niangalie nini, ngozi hii? Nikapiga simu. Daktari akaniambia nibonyeze ndani ya mdomo upande ule, niachie, nilinganishe na wa pili kama damu inarudi kwa kasi ileile. Tukaanza kupanda Kitonga, mtandao ukakatika. Basi linazunguka kona, malori mbele yetu yanakwenda kwa mwendo wa jeneza, mimi nimeshika mdomo nabonyeza na kuachia, nabonyeza na kuachia, jirani yangu ananiangalia anadhani jino. Akanipa karafuu.

Ilikuwa ni michubuko tu. Damu ilikuwa inarudi vizuri, na baada ya siku nane doa likaisha. Lakini pale juu Kitonga nilijiuliza: kama ingekuwa kweli, hiyo hayaluronidesi ningeipata wapi? Ilikuwa nyuma yangu kwenye friji ya Dar, na mimi nazidi kuipa mgongo.

Na matokeo yenyewe? Kwenye picha mzuri. Nikitulia mzuri. Nikicheka, na mimi ni mtu wa kucheka, hapa pananyanyuka kakamba. Ngoja nicheke. Mmekaona? Daktari wa pili niliyemwonyesha alisema mikunjo yangu haikuwa na shida pale, shida ilikuwa shavu juu limekonda, mkunjo ni kivuli chake tu. Tulijaza bonde wakati mlima ndio ulioshuka. Fila naipa mbili.

Ila kuhusu fila kuna jambo sitaki tulicheke. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha aina nyingine, Sculptra, kwanza kabisa kwa watu wenye VVU ambao mafuta ya mashavu yaliyeyuka. Ukanda wetu huu, Njombe, Iringa, Mbeya, tunajua tulivyopigwa. Wapo mama zetu na baba zetu waliotumia stavudine, dawa ile ya zamani ya VVU, ikawaokoa, ikawachukulia mashavu, na kijiji kizima kikasoma usoni kwao. Mtu huyo akiulizia kujaza shavu, msimwambie habari za kupenda urembo.

Sasa ninyi wa Mwanjelwa, hapa mjini. Najua mnaambiwa yupo dada anachoma ghorofani, anatoka na dawa Dar kwenye pochi. Karatasi ya Botox inasema kichupa kitunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8. Pochi kwenye basi saa kumi na tatu si friji, hata kama Mbeya kuna baridi. Na kichupa chenyewe unajuaje ni halisi? Mwaka 2024 huko Marekani kwenyewe watu walilazwa kwa Botox bandia. Dawa ulizia usajili wake TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa kwetu, na anayechoma awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kama ni fila, muulize akuonyeshe hayaluronidesi kwa macho. Akianza kucheka, chukua mkoba wako. Na ile kalamu ya kupuliza fila bila sindano, achaneni nayo kabisa, mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaionya tangu 2021. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa kuishiwa nguvu za misuli: hizi sindano si zenu.

Mmoja kutoka Uyole ameuliza kama aanze na Botox au krimu. Dada, umenitumia picha, hayo madoa ya mashavuni ni ya jua. Tuko mita 1,700 juu ya bahari. Kila mita 1,000 ukipanda, miale mikali inaongezeka kama asilimia 10, na kwa kuwa upepo ni wa baridi hatusikii tunavyoungua. Nunua sanskrini, krimu ya kukinga jua, paka hata mwezi huu wa saba, miezi mitatu halafu jiangalie upya. Na nikiri, sanskrini ninaiuza.

Nitarudia? Ndita, ndiyo. Mwezi wa tisa nashuka Kariakoo kuchukua mzigo, nitachomwa 14 zilezile. Fila naiacha iishe yenyewe, na mpaka hapo Mbeya nitakapomjua mtu mwenye kile kimeng'enya kwenye friji yake, sijazi tena. Na safari hii sikimbilii basi. Dada yangu wa Tabata nimeshampigia: ni wiki mbili, nakuja na mchele wa Kyela.