Mwanangu alilazimishwa kufuta 95: uzoefu wangu na darasa la sayansi la likizo

Daftari liko mbele yangu ninapoandika haya. Katika ukurasa wa jaribio la kuchemsha maji, mstari wa mwisho wa jedwali umesuguliwa kwa raba hadi karatasi imekuwa nyembamba na kuanza kutoboka, na juu ya msuguo huo imeandikwa 100 kwa penseli iliyokandamizwa sana. Ukiuinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, bado unaiona ile namba ya kwanza, 95, kwa mwandiko mzuri wa binti yangu Rehema, kabla hajaambiwa kwamba amekosea. Wasomaji wanisamehe nikiirudia namba hiyo mara kwa mara, kwa sababu tangu nilipoiona sijaweza kufikiri jambo jingine lolote kuhusu huduma hii.

Ni darasa la likizo la watu binafsi hapa Arusha, kwa watoto wa darasa la sita na la saba, na sehemu niliyomlipia ni ile ya maada na nishati. Jina lake sitalitaja, na habari za ada na ratiba anayetaka atazipata mlangoni kwao. Ninachoweza kusema ni kwamba wiki ya kwanza niliwasifia kwa kila jirani aliyenisikiliza. Kila mtoto hupewa kisanduku cha vifaa ambacho huruhusiwa kurudi nacho nyumbani, na Rehema alikuwa akifika tu anakifungua juu ya meza kabla hata hajavua viatu. Jioni moja alinipa bomba la sindano lisilo na sindano, akaniambia nizibe tundu kwa kidole na kusukuma. Lilipokuwa na hewa lilisukumika hadi karibu nusu. Alipolijaza maji halikusogea hata kidogo. Alinieleza kwamba chembe za gesi ziko mbalimbali na zina nafasi ya kusogeleana, ilhali za kimiminika zimekwisha kubanana. Nilisoma habari hizo utotoni kwa kukariri ubaoni, na hadi jioni ile sikuwahi kuzihisi kidoleni mwangu. Siku ile ningewapa nyota zote.

Kisha ikaja wiki ya pili, siku mojawapo ya katikati ya wiki, na jaribio la maji.

Watoto waligawanywa katika makundi, kila kundi likapewa bika (chombo cha maabara cha kuchemshia maji), taa ya spiriti na kipimajoto, na kazi ikawa kuandika joto la maji kila baada ya dakika moja hadi yachemke. Kwa maelezo ya Rehema, ambayo wenzake wawili wameyathibitisha, wengi waliandika 100 kwenye mstari wa mwisho kabla maji hayajaanza hata kutoa mapovu, kwa kuwa namba hiyo walikuwa wameikariri. Yeye alisubiri. Maji yalipochemka kwa nguvu aliinama kusoma kipimajoto akaona 95, akasubiri dakika nyingine mbili, ikabaki 95, akaandika alichokiona. Mwalimu alipopita akapiga mstari chini ya namba hiyo, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba huyu ana maji ya kwao, darasa zima likacheka, naye akampa raba. Hakukitazama kipimajoto. Mtoto alifuta mbele ya wenzake wakimtazama, na bika yake ikiwa bado inachemka mbele yake.

Alirudi nyumbani bila kufungua kisanduku. Ndipo nilipouliza.

Mimi ni mpishi. Nimepikia wanafunzi wa bweni kwa miaka mingi, kwanza Tanga na baadaye hapa Arusha, na jambo la kwanza lililonishangaza nilipohamia huku ni maharage. Maharage ya aina ileile, yaliyolowekwa usiku kucha vilevile, yalinichelewesha jikoni hadi mkuu wa shule akaja kuuliza kama ninaijua kazi yangu. Nilizilaumu kuni, kisha masufuria, kisha maji, mpaka mpishi mmoja mzee wa huku akaniambia kwamba huku juu maji huchemka upesi lakini hayana ukali wa maji ya pwani. Kwa hiyo Rehema aliponionyesha ile 95 iliyofutwa, mimi niliijua. Nilikuwa nimepika ndani yake kwa miaka.

Hata hivyo sikutaka kumtetea mwanangu kwa maneno matupu. Usiku uleule tuliteleka sufuria kwenye jiko la gesi na kukining'iniza kipimajoto kwa uzi kwenye mwiko uliolazwa juu ya mdomo wa sufuria, ili kisiguse kitako. Kilianzia 23. Kilipanda bila kusitasita hadi 90, kikaenda polepole, kikafika 95 maji yakiwa yanaruka, kisha kikasimama. Tuliongeza moto hadi mwisho. Mapovu yalizidi, mvuke ukajaa jikoni, lakini kipimajoto hakikusogea. Nilisema huenda kweli ni kibovu. Rehema, ambaye kwa umri wake wa miaka 12 ameonyesha utaratibu ambao sikuuona kwa mtu mzima aliyelipwa kumfundisha, akatoa barafu kwenye friji, akaiponda, akaitia maji kidogo katika kikombe na kukitumbukiza kipimajoto humo. Kikashuka taratibu hadi 0 na kutulia pale. Akanitazama, akasema, "Mama, hakidanganyi."

Maelezo yake si siri ya wataalamu. Maji huchemka pale mvuke wake unapokuwa na nguvu ya kutosha kuisukuma hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Pwani, usawa wa bahari, kanieneo ya hewa, yaani mkandamizo wake, ni kubwa, kwa hiyo maji hulazimika kufika nyuzi 100. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa iliyo juu yetu ni pungufu, na kiwango cha mchemko hushuka kwa karibu nyuzi 1 katika kila mita 300 za kupanda. Piga hesabu, utaipata 95 ya mwanangu. Mbeya mjini, iliyo juu kuliko sisi, ni chini zaidi ya hapo, na kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Hata Anders Celsius wa Uswidi, ambaye vipimo hivi vinaitwa kwa jina lake, alipoviweka mwaka 1742 alijua na kueleza kwamba kiwango cha mchemko hubadilika kufuatana na kanieneo ya hewa. Mtu aliyeiweka alama ya mchemko aliiwekea sharti. Mwalimu wetu ameibeba namba na kuliacha sharti, kisha akamwadhibu mtoto kwa kutoibeba pamoja naye.

Nilikwenda kumwona. Ni kijana mpole, lazima niseme hivyo, na alinipokea vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya namba moja tu."

Nikamwekea daftari. Alilitazama, akatabasamu, akasema, "Mama Rehema, mtihani hauulizi maji ya Arusha yanachemka kwenye nyuzi ngapi. Unauliza maji yanachemka kwenye nyuzi ngapi, na jibu ni mia. Akiandika tisini na tano atakosa alama, na wewe huyuhuyu ndiye utakayekuja kunilaumu."

Kwa dakika moja nilikosa la kusema, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba sisi wazazi huwabana walimu kwa alama, na mimi mwenyewe nilipomlipia darasa hili swali langu la kwanza lilikuwa iwapo litamsaidia kwenye mtihani. Nikamwambia angeweza kumfundisha yote mawili: kwamba 100 ni kwa usawa wa bahari na hapa ni 95, na kwamba mtoto akijua sababu hatakosea swali lolote kati ya hayo. Akakubali. Nikamuuliza, basi kwa nini ulimpa raba? Akanyamaza, kisha akasema muda wa kipindi ulikuwa umekwisha na alikuwa na makundi manane peke yake. Nilimhurumia. Watoto zaidi ya thelathini wenye moto mezani, na mtu mmoja wa kuwaangalia wote, ni mzigo usio wa haki. Nilitoka pale nikiwa nimekusudia kuandika kwamba huduma ni nzuri ila wanahitaji walimu zaidi.

Lakini nilipofika nyumbani nikalifungua tena daftari, na hasira ikarudi yote. Uchache wa walimu haukumlazimisha kumfanya mtoto achekwe, na kutazama kipimajoto kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta raba. Zaidi ya hayo, kwa kufuta ile namba walilifuta pia somo lenyewe walilokuwa wamelipwa kulifundisha. Jikoni usiku ule Rehema aliniuliza swali ambalo darasani halikupata nafasi: "Mama, moto bado unawaka na maji hayaongezeki joto. Sasa hilo joto linakwenda wapi?" Hapo ndipo maada na nishati hukutana. Kuipandisha gramu 1 ya maji nyuzi 1 kunahitaji nishati ya takriban jouli 4.2, kuigeuza gramu hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji takriban jouli 2,260, na nishati yote hiyo hutumika kuzitenganisha chembe zilizoshikana bila kuongeza joto hata kwa uzi mmoja. Ndiyo maana, kwa moto uleule, sufuria iliyofika kwenye mchemko kwa dakika sita itachukua zaidi ya nusu saa kukauka. Ndiyo maana pia mvuke huunguza vibaya kuliko maji yenyewe, kwa kuwa ukigusa ngozi na kurudi kuwa maji hukurudishia nishati yote iliyokuwa imefichwa. Nina kovu la mkono wa kulia kwa kufunua mfuniko wa sufuria ya wali bila uangalifu. Nilimwonyesha Rehema, akaligusa, akasema sasa ameelewa. Jedwali ambalo mstari wake umebaki kwenye 95 kwa dakika tatu mfululizo linaleta swali hilo lenyewe. Jedwali lililolazimishwa kuishia kwenye 100 haliulizi kitu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hii ndiyo nchi ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda kuwa aiskrimu kabla ya ule uliopoa, na alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, kisha akakejeliwa mbele ya wenzake kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, alilichukua swali lake akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wataalamu wanabishana kuhusu jambo lile hadi leo, na jina lililobaki ndani ya mabishano hayo ni la yule mwanafunzi. Watoto wetu wanasimuliwa habari zake kwa fahari, kisha wanapewa raba.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia wazazi wenzangu wasipeleke mtoto huko kabisa. Nilikuwa nimeandika nyota moja. Leo asubuhi Rehema ameniuliza kama nimelipia awamu ya pili, kwa sababu wataanza sumaku na umeme na hataki kukosa, na nilipomuuliza kama hajaumizwa na lile la raba alisema ameumizwa, lakini vifaa ni vizuri. Mtoto amekuwa mwadilifu kwa mwalimu wake kuliko mwalimu alivyokuwa kwake. Kwa hiyo nitalipa, na wengine wakiniuliza nitawaambia walipe, ila wawe wakikagua madaftari kila jioni na kuinua kurasa dirishani. Nyota ninaacha mbili, na ya tatu ninaishikilia mkononi. Jumatatu Rehema atakwenda na daftari lilelile. Karibu na ile 100 ameandika upya 95 kwa wino, na chini yake tarehe, mahali, na kwamba kipimajoto kilipimwa kwenye barafu kikasoma 0. Ameacha nafasi ya sahihi ya mwalimu.