Kliniki ya jioni hapa Kondele, Kisumu, kwa sisi wa dawa za kila siku

Niseme mapema hii si kliniki ya kifahari, iko ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, ngazi nyembamba, mtu wa goti bovu atapanda akipumzika. Lakini wanafunga saa mbili usiku na Jumamosi wako, na kwangu hiyo ni kubwa, juu mimi hulipwa kwa siku kwa hadwea (duka la vifaa vya ujenzi), nikikosa nimekosa, na kliniki za asubuhi mnazijua, unachukua namba saa kumi na mbili unatoka saa nane na bosi ashaweka mtu mwingine kwa kaunta.

Niko na bipola, ule ugonjwa wa kichwa wa hisia kupanda na kushuka sana, na pia sukari. Kwingine nilikotibiwa kichwa kilikuwa na daktari wake, sukari na wake, hakuna aliyeuliza mwenzake ananipa nini. Daktari wa hapa alimwaga dawa zote mezani akasoma moja moja, akaniambia olanzapini, ile dawa ya bipola, yenyewe huongeza uzito na inaweza pandisha sukari, na mimi nikijua ni chapati tu (sawa, chapati pia ziko). Halafu akauliza kazini naingia saa ngapi, nabeba nini, usingizi unanishika saa ngapi. Dawa ya usiku akaisogeza mapema kidogo na saa hii asubuhi nahesabu chenji ya mteja bila kurudia rudia.

Barua ya ofu wanaandika bila kutaja ugonjwa, ni hawezi kazi mpaka tarehe fulani, basi. Kazini wakijua ni ya kichwa ushaitwa janeko (mwendawazimu kwa Kijaluo) kabla ya chai ya saa nne. Sista wa hapo ndiye alinielezea Sheria ya Ajira ya 2007, ati ukimaliza miezi miwili kazini mfululizo uko na siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 za nusu kila mwaka, bora uwe na cheti cha daktari. Kwa mtu wa malaria hizo zinatosha, kwa sisi ambao ugonjwa hauishi zinaisha mwaka ukiwa bado mchanga.

Ubaya? Hawachukui SHA, bima ya afya ya serikali, ni keshi ama M-Pesa, na kile kipimo cha kuonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita wanakutuma kwingine. Jumamosi fika mapema, na usikalie benchi la dirishani, jenereta ya kinyozi iko hapo chini.