The Birth of a Nation (1915), nakala za bure: tathmini kwa wanaofundisha filamu Unguja na Pemba

Hakimiliki ya filamu hii bubu ya Marekani imekwisha, ndiyo maana nakala mtandaoni ni tele, na nyingi ni mbovu. Kabla hujawasha projekta, tazama urefu. Nakala nzuri huenda kama saa 3 na dakika 10. Ikimalizika kwa saa 2 na ushei, basi ama imekatwa, ama inachezwa picha 24 kwa sekunde ilhali kamera ya kuzungusha kwa mkono ilipiga kama 16. Dalili yake ni watu kutembea kama wanaofukuzwa. Shusha kasi ya programu ya kuchezea video hadi 0.67, mwendo utatulia.

Mwongozaji wake, D. W. Griffith, hakubuni picha ya karibu wala kukata kwa kupokezana (kuruka huku na huku kati ya matukio mawili ya wakati mmoja), wenzake walishavitumia. Yeye alivibebesha hadithi ya saa 3. Mtazame askari anayerudi kutoka vitani: anafika mlangoni, mkono wa mama unatoka ndani, unamshika, unamvuta. Uso wa mama hatuuoni. Fundi khasa.

Fundi huyohuyo ndiye aliyeunganisha mbio za mwisho. Kibanda chenye wazungu kimezingirwa na weusi, Ku Klux Klan, kundi la wazungu lililotisha na kuua weusi Marekani, wanakuja kwa farasi kuokoa. Kibanda, farasi, kibanda, farasi, mpaka mtazamaji anaomba wafike. Kijana wa skuli asiyewajua, akiona majoho meupe kama kanzu, atawapigia makofi. Kwa hiyo ile hoja ya kutenga kazi na mtu, yaani kuisifu kazi hata kama aliyeifanya ni mbaya, haitufai hapa: sumu haimo katika maisha ya Griffith tu, imo katika mkato wenyewe. Mwaka huohuo wa 1915 Ku Klux Klan liliundwa upya Georgia, na filamu ikatumika kusajili wanachama. Chama cha waongozaji wa Marekani kiliondoa jina la Griffith kwenye tuzo yake mwaka 1999. Sawa, lakini mkato uko palepale.

Darasani msiionyeshe nzima. Mlango na mbio zinatosha. Maandishi ya skrini yasomwe kwa Kiswahili, yasirukwe; mengine yamenukuu kitabu cha Woodrow Wilson, rais wa wakati huo. Wahusika wakuu weusi wamechezwa na wazungu waliojipaka rangi: lisemeni hilo mapema.

Kikao hichohicho wekeni Within Our Gates (1920) ya Oscar Micheaux, mwongozaji mweusi. Naye anakata kwa kupokezana: huku familia nyeusi inanyongwa, kule mzungu anamvamia binti mweusi. Nakala iliyosalia ilipatikana Hispania, na pengo fupi la katikati limezibwa kwa maandishi, kwa hiyo msidhani projekta imeharibika.