Chatu wa kwanza hakutaka kushikwa, na hapo ndo nikakipenda hiki kituo

Jamani nimetoka kwenye kituo kimoja cha reptilia, zile ziara ambazo muongozaji anawatembeza halafu mnaruhusiwa kushika wanyama, na nataka niandike kabla sijasahau. Nilienda na mpwa wangu wa miaka 7 ambaye alikuwa ananisumbua wiki nzima, mjomba nyoka lini, mjomba nyoka lini.

Muongozaji, dada mmoja mpole sana, alifungua boksi la kwanza na ndani kulikuwa na chatu mdogo, wale ambao wakiogopa wanajikunja duara kama mpira na kichwa wanakificha katikati. Huyo ndo alikuwa kajikunja hivyo hivyo. Dada akamwangalia kama nusu dakika hivi, akafunika boksi taratibu, akasema huyu leo hataki, twendeni kwa mwenzake. Basi. Hakumlazimisha, hakumkunjua, na sisi wote tumeshalipa tupo pale mikono imeoshwa tunasubiri. Kwakweli mimi hapo hapo nikajua tumefika kwa watu wanaojua wanachofanya.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kwenda sehemu nyingine, sitaitaja, wana chatu mkubwa anavishwa shingoni kwa mtu mmoja baada ya mwingine bila kupumzika, flashi za kamera usoni, na mtoto wa mamba kafungwa mdomo kwa selotepu ili watu wapige naye picha. Nililipa na mimi nikapiga, na ile picha nilikuja kuifuta.

Hapa kila kitu kina mpangilio wake na dada anakuelezea sababu. Mnaosha mikono kabla na baada. Kabla ni kwa ajili ya harufu, maana nyoka anaamini zaidi pua na ulimi kuliko macho na mkono unaonuka chakula anaweza kuudhania chakula kweli, na baada ni kwa ajili yenu wenyewe kwa sababu reptilia hata akiwa mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, wale bakteria wanaoharisha watu. Kwa hiyo watoto chini ya miaka 5 walikuwa wanaangalia tu hawashiki, kuna mama alikasirika kidogo ila mimi naona wako sahihi asilimia mia.

Haya sasa chatu wa pili. Huyu alikuwa ametulia, ulimi unaingia na kutoka. Dada akatufundisha usimjie kutoka juu, maana adui zake wengi wanamjia kutoka juu, mjie kwa pembeni, kichwa usikiguse, wewe mshikilie mwili tu kwa mikono miwili aone ana pa kuegemea. Nikamchukua. Yaani mimi nilikuwa nategemea kitu chenye utelezi, kumbe ni mkavu kabisa, laini kama mkanda wa ngozi uliotumika sana, na magamba ya tumboni ni mapana unayasikia yanashika kiganja moja moja anavyosogea. Halafu kuna wakati akasimama nikasikia mbavu zake zinatanuka na kurudi, anapumua mkononi mwangu! Mpwa wangu akamgusa kwa kidole kimoja akaninong'oneza, mjomba hafumbi macho. Na kweli, nyoka hana kope, jicho limefunikwa na gamba linaloonekana kama kioo na akijivua gamba linatoka na hilo pia. Dada akatuonyesha mwingine kwenye kioo macho yamekuwa ya bluu ya maziwa, akasema huyo yuko karibu kujivua, siku hizi haoni vizuri na anashtuka haraka kwa hiyo haguswi. Na aliyekula juzi au jana naye haguswi, ukimsumbua anaweza kutapika.

Kobe wakubwa wa Aldabra, vile visiwa vya Shelisheli, nao, aisee. Madume wanaweza kufika kilo 250. Ukimkuna shingoni anainuka polepole kwa miguu yote minne, ananyoosha shingo juu kabisa na kutulia hivyo, mpwa wangu alikuna mpaka mkono ukachoka. Ila kupanda mgongoni hakuna, kwa sababu lile gamba ni mfupa wake mwenyewe, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, na ukimgusa pale anasikia.

Kilichoniuma ni yule iguana, yaani aina ya mjusi mkubwa. Taya limelegea, miguu ya mbele imepinda. Alifugwa ndani ya nyumba bila taa ya UVB, ile inayotoa mionzi kama ya jua, na bila kalisiamu ya kutosha, mifupa ikalainika. Watu wanawachukua wakiwa wa kuenea kiganjani, hawajui huyu atafika mita moja na nusu na zaidi. Anatibiwa na anakula, lakini ile miguu ndo imeshakuwa hivyo.

Kasoro zipo. Grupu letu lilikuwa la watu 14, ni wengi mno, sisi wa nyuma nusu ya maelezo hatukuyasikia na mtu mmoja akiongea kwa sauti wanyama wote wanajificha. Sehemu ya mamba tukapitishwa mbio mbio kwa sababu grupu lingine lilikuwa linasubiri, na mimi mamba ndo nilikuwa na maswali yao, ile habari ya joto la kiota kuamua mayai yatoe madume au majike nilitamani aieleze vizuri. Pia vyumba vina joto kweli, ni lazima maana hawa miili yao inategemea joto la nje, ila watuambie mapema tuvae nguo nyepesi.

Ukitaka kwenda sehemu yoyote ya hivi, kabla hujalipa waulize mnyama mmoja anashikwa mara ngapi kwa siku na anapumzika lini. Wakianza kujiumauma, ondoka.

Wakati tunatoka mpwa wangu akaomba tupite tena kwa yule wa kwanza. Walishamrudisha kwenye kioo chake, alikuwa kajikunjua, kalala upande wenye joto na kichwa kakiweka juu ya gogo. Tulikaa pale tukimwangalia mpaka wakaja kufunga.